Wikendi ya baridi Lubumbashi pamoja na mama: tukule wapi, tumutembeze wapi?

Papa Baraka wa Kolwezi

Jambo bandugu ba Lubum. Naomba mnisaidie juu hii safari ni ya muhimu sana kwangu. Mama yangu mzazi ametoka Goma kuja kutuona hapa Kolwezi, ana miaka 68, na tangu tuko watoto anasemaka Lubumbashi hivi, Lubumbashi vile, sababu kaka yake mkubwa alifanyaka kazi ku Gécamines, kampuni ya serikali ya shaba, miaka ya sabini na alikuwa anawaandikia barua. Yeye mwenyewe hajafika kule hata siku moja. Sasa nimepata siku tatu, Jumamosi tarehe 28 mpaka Jumatatu 30 Juni juu ni sikukuu, nataka nimupeleke pamoja na bibi yangu (mke wangu).

Kinachonitisha ni baridi. Mwaka jana mwezi wa saba tulikuja mimi na bibi tu, nikachagua restora moja iliyokuwa inasifiwa sana, jina nitaliacha. Taa kwenye miti, meza kwenye majani, picha nzuri kabisa. Tukakaa saa mbili ya usiku. Oda walichukua mbio lakini chakula kilikuja saa moja na nusu baadaye, na ile mbuzi ilipofika mezani hazikupita dakika tano mafuta yakaganda meupe kwenye sahani kama mshumaa. Bukari (ugali) juu ikafanya ngozi. Bibi alikula mkono mmoja ukiwa ndani ya koti, hakulalamika, na ndiyo iliniuma zaidi. Siwezi kumufanyia mama yangu hivyo.

Mama anaumwa goti moja, ni Mukatoliki wa kweli misa hakosi, na anapenda kula vitu vya huko anakofika, hataki kupelekwa mbali apewe chipsi. Pesa ipo kidogo, si ya kutupa. Nimesoma UNILU (chuo kikuu cha Lubumbashi) zamani lakini mwanafunzi anajua nini ya restora.

Mutoto wa Katuba

Karibu papa Baraka. Nimeishi hapa maisha yangu yote, na kila mwaka mwezi wa sita nawapokea wageni wanaofanya kosa hilo hilo, wanachagua restora kwa picha halafu wanakwenda saa mbaya.

Sikia. Mwezi wa sita na wa saba huku hakuna wingu hata moja, na tuko juu kama mita 1,200. Jua likishazama joto lote la mchana linapanda linapotea, hakuna cha kulifunika. Saa sita unaona digri 25, unavua pulovere, unatafuta kivuli. Usiku inashuka chini ya 10, na kuna alfajiri za digri 6 au 7. Jua linaenda kabla ya saa kumi na mbili ya jioni, na ukingoja nusu saa tu utasikia mguu unaanza kupoa kutoka chini. Meza ile ile mliyoteseka nayo, ungeikalia saa saba mchana ungeisifu mpaka leo.

Kwa hiyo wewe panga tumbo la mama kufuata jua. Chakula kizito kiwe cha mchana, inje, kati ya saa sita na saa tisa. Usiku mkule mapema na mkule ndani, kitu chepesi cha moto, supu ya kuku, samaki wa mchuzi, chai ya tangawizi. Na mbele ya kwenda mahali usiku piga simu, usiulize kama "kuna nafasi" juu watakwambia ipo. Uliza kama kuna chumba cha kufunga mlango. Uliza umeme ukikatika jiko linaendelea au mnangoja jenereta. Halafu uliza leo wamepika nini tayari, maana nyumba yenye masufuria motoni inakupa sahani kwa dakika kumi na tano, lakini ile yenye menyu ya kurasa nane ndiyo inakwenda kununua kuku ukishakaa.

Kaka Belair

Mimi nitasema tofauti kidogo. Mama wa miaka 68 anayeumwa goti, usimuhangaishe. Mupeleke Karavia mara moja, hata kama ni kwa chai na keki tu saa kumi ya jioni, ni hoteli kubwa, kuna viti vya kuegemea, choo safi, hakuna ngazi za kumuumiza. Ama Park Hotel pale katikati ya muji, nyumba ya zamani, na anakuwa karibu na kila kitu. Restora za Walibani, Wahindi na Wagriki zilizo santre nyingi zina chumba cha ndani, chakula chao kinakuja cha moto. Michopo (mbuzi ya kuchoma) ya Kenya, ile komini yetu ya hapa Lubum, ni tamu nakubali, lakini moshi, vumbi, benchi bila mgongo, kwa mama? Hapana.

Mutoto wa Katuba

Kaka, chai ya jioni ndani nakubaliana na wewe mia kwa mia. Lakini amesema mama anataka kula vya huku. Ukimuletea humusi ya Walibani siku tatu atarudi Goma akawaambie nini bale bamama wenzake?

Mama Bukari

Bana bangu mutanisamehe naingilia. Miye nilipikaka bukari na michopo miaka 11, nilikuwa na nafasi yangu ku Kenya, sasa magoti yangu pia yamekataa, kwa hiyo mama wa Baraka namuelewa.

Mafuta ya mbuzi yanaganda mbio kuliko ya ngombe na ya kuku. Haiko kosa ya mupishi, mbuzi njo iko vile. Ukiweka nyama ya mbuzi mu sahani ya baridi, inje, usiku, imekufa. Njo maana sisi tunakata michopo kidogo kidogo tunaiweka mu karatasi, haina sahani ya kuivuta joto, na mutu anakula pale karibu na moto. Musiagize kilo moja mara moja! Agizeni nusu, mukule, muagize tena. Ile ya pili inatoka ku makala moja kwa moja. Baba mwenye kuchoma hatakasirika, amezoea.

Fikeni saa sita na nusu ao saa saba. Asubuhi makala haijashika sawasawa, na jioni nyama iliyobaki imekauka. Baraka, wewe njo uende mbele pa moto uchague mwenyewe, mama akae. Angalia mbavu, omba ile yenye mafuta kidogo pembeni, isiyokuwa nyeusi. Wataipima, watakatakata mbele yako, chumvi, kitunguu kibichi, pilipili pembeni usiiache waichanganye kama mama hapendi. Na kiti chukua mu gari, kile cha plastiki cha kwako, nani atakuuliza?

Bukari mwambie mama asiache wazi. Tunaifunika mu sahani juu ya sahani, unakata tonge unafunika tena. Ngozi inakuja sababu ya upepo.

Ingine kitu. Musitafute bowa (uyoga) fresh mwezi wa sita, ile iko ya mvua. Mukipewa ni ya kukausha, tamu lakini lazima ikae mu maji muda mrefu, ikifika ngumu rudisheni. Mwezi huu mukule lengalenga, matembele, sombe, kapenta, samaki wa Kasenga. Na musiondoke bila kikanda! Mama hajakula kikanda kule Goma nakuhakikishia.

Papa Baraka wa Kolwezi

Mama Bukari asante sana, nimeandika yote kwenye kikaratasi. Kiti cha plastiki hakikuniingia kichwani kabisa. Kikanda nimekula UNILU, ile kama soseji nono ya kahawia wanakata vipande?

Mama Bukari

Njo ile. Watu banafikiria iko nyama, hapana, iko mizizi ya maua ya pori, banaisaga, banachanganya na unga wa karanga na pilipili, banapika mpaka inashikana. Haina nyama ndani. Hata siku ya kufunga mama anakula.

Kipepeo243

Mimi ningewapeleka maporomoko ya Lofoi! Zaidi ya mita 300 maji yanaanguka, mama atasahau goti.

Shofere wa Likasi

Kipepeo, tafadhali. Lofoi iko ndani ya hifadhi ya Kundelungu, ile barabara unaipigania siku nzima na gari ya juu, halafu kutembea kwa miguu, na kiangazi maji yanapungua. Kwa siku tatu na mzee hapana. Mtaona kiti cha gari tu.

Papa Baraka, Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 300, na barabara imejaa makamyo ya shaba na kobalti. Usitoke usiku. Toka jua likianza kutoka, saa kumi na mbili na nusu hivi, vumbi la kiangazi likichanganyika na moshi wa pori linaloungua huoni kamyo lililosimama bila taa, mimi nimeliponea mara mbili. Likasi simama, bado kilomita 120, mama anyooshe goti, mnywe chai. Mkifika saa sita mko sawa na saa ya michopo. Kurudi Jumatatu mtoke mapema vile vile.

Kama mama anapenda wanyama, kuna Mikembo, pori la miombo linalolindwa, kama kilomita 30 na kitu inje ya muji upande wa kaskazini mashariki. Kiangazi majani yamepungua, swala wanaonekana. Lakini lazima upange nao mbele, usiende tu kupiga honi kwenye geti.

Mwalimu wa Historia

Ndugu Baraka, tarehe zako ni nzuri kuliko unavyojua. Tarehe 29 Juni ni sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, na katedrali yetu ina majina yao hao wawili. Mwaka huu imeangukia Jumapili. Mpeleke mama misa pale, mfike mapema apate nafasi ya kukaa, na avae kitu kizito maana ndani ya kanisa lile la matofali asubuhi ni baridi kuliko inje.

Ukitoka misa, jua limeshapanda, nenda muzeo (makumbusho) ya muji. Ilianzishwa mwaka 1946. Nakuomba usimpitishe mama mbio kwenye vinyago ukatoka. Simama naye kwenye misalaba ya shaba, ile midogo yenye mikono minne iliyo sawa. Hiyo ilikuwa pesa na mahari hapa kwetu, na wamezikwa nayo watu karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kujenga tanuru. Wanafunzi wangu wengi wanafikiri shaba ya Katanga ilianza na Union Minière (kampuni ya madini ya wakoloni), na kila mwaka nawaleta pale waone kwa macho, ni kitu ninachokipigania. Piga simu uhakikishe saa za kufungua, maana ni wikendi ya sikukuu.

Kuhusu mjomba wako wa Gécamines: mama atataka kuona shimini (bomba la moshi la tanuru), hata kama hajasema. Tanuru la Lubumbashi liliwashwa 1911, muji wenyewe ulikuwa na mwaka mmoja tu. Lile bomba refu na mlima mweusi wa mabaki ya tanuru pembeni yake unaviona kutoka mbali. Mlima umepungua siku hizi, wanauchimbua kutoa kobalti iliyobaki. Msiingie eneo la kampuni na msipige picha karibu bila kuuliza. Tafuta mahali kwa mbali pa kuegesha gari, kama saa kumi, jua likiwa nyuma yenu.

Papa Baraka wa Kolwezi

Mwalimu umenigusa. Kwenye barua zake mjomba aliandika "niko chini ya shimini". Mama anasemaka hilo neno hadi leo.

Dada wa Kampemba

Nasoma uzi huu na hakuna aliyetaja kitu kimoja, mniruhusu niseme kwa nguvu. MTALALA WAPI na mtapewa nini ya kupasha chumba?

Miaka mitatu iliyopita dada yangu alikuja na watoto wawili mwezi wa saba, wakashukia nyumba moja ya wageni, sitaitaja. Akalalamika baridi, kijana wa pale kwa moyo mzuri kabisa akamuletea mbabula (jiko la makala) imejaa makala mekundu, akaiweka kati ya vitanda akafunga mlango. Makala yalikuwa yameshika vizuri, hakuna moshi, hakuna harufu, chumba kikawa kitamu. Saa tisa ya usiku mtoto mdogo akatapika, na hilo ndilo lililowaokoa maana dada aliamka kumusafisha akaanguka, miguu haina nguvu, kichwa kinapasuka, akatambaa mpaka mlangoni akaufungua. Hospitali wakamwambia ni gesi ya makala, monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, na makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoitoa. Kila kiangazi tunazika watu hivi kwenye huu muji na tunasema ni uchawi.

Papa Baraka, mbabula ni ya inje tu. Chumbani kwa mama omba blanketi la pili mbele hujalipa, chupa ya maji ya moto imefungwa na kitambaa miguuni, soksi, kitambaa kichwani. Ukiletewa mbabula chumbani kataa, hata kama mama anasema acha mwanangu kuna baridi.

Kaka Belair

Dada pole sana. Nitawaambia na wa nyumbani kwangu leo leo, tuna mbabula korido kila usiku.

Mama Bukari

Itoe korido Kaka. Leo.

Papa Baraka wa Kolwezi

Dada wa Kampemba, asante kuliko yote. Goma tunalala na imbabura ndani, mama amezoea, lazima angeomba. Nimeshamweleza, alikaa kimya muda mrefu halafu akataja jirani mmoja wa zamani.

Papa Baraka wa Kolwezi

Bandugu tumerudi jana, niwape habari.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu kama Shofere alivyosema, Likasi chai na mandazi, saa sita na dakika ishirini tuko Kenya. Nikatoa kiti cha plastiki. Mama akakaa kwenye jua, mgongo umelielekea, akavua sweta mwenyewe! Nilichagua mbavu, nusu kilo, halafu nusu tena, halafu yeye akasema "na ile ya tatu?" Bukari tulifunika sahani juu ya sahani, haikufanya ngozi. Bibi yangu alikula kwa mikono yote miwili, nilimwangalia.

Jioni Kaka Belair ulikuwa na haki, chai ya saa kumi ndani ya hoteli ilimpumzisha sana, aliegemea akasinzia kidogo. Usiku supu ya kuku kwa jirani na tulipolala, chumba cha kufunga mlango, saa moja na nusu tumeshamaliza. Niliuliza yale maswali kwa simu, nyumba mbili za kwanza zilijikanyaga kwenye jibu la jenereta, ya tatu mama mwenye nyumba akaniambia "niko na kuku na maharage motoni, kuja". Tukaenda.

Misa ilijaa mpaka inje lakini mama alipata kiti. Muzeo tulikuta imefunguliwa. Alishika mkono wa bibi mbele ya misalaba ya shaba akauliza hii moja ilikuwa ngombe ngapi, kijana wa pale akacheka akamueleza vizuri.

Shimini tulikwenda Jumapili saa kumi. Niliegesha mbali. Mama alishuka, akafunga kitenge vizuri, akaangalia. Nilifikiri atalia, hakulia. Alisema, "Kumbe ni refu hivi. Yeye alikuwa mfupi." Halafu akaanza kutuhadithia barua moja baada ya nyingine, vitu ambavyo mimi sijasikia kwa miaka arobaini, jina la msichana aliyetaka kumuoa, baiskeli iliyoibiwa, mpaka jua likazama na bibi akamwekea koti mabegani. Hapo tulichelewa, baridi ilitupata, sijutii.

Mama Bukari, kikanda alikula vipande vinne. Anauliza: anaweza kupeleka Goma? Safari yake ni wiki ijayo.

Mama Bukari

Ile ya kupikwa asipeleke, itaharibika njiani. Anunue mizizi ya kukausha ku soko, ama unga wake kama anamuamini mwenye kuuza, mie napenda mizizi juu unga wanachanganyaka. Aitwange mwenyewe kule. Karanga Goma zipo. Kipimo: kikombe kimoja ya kikanda, bikombe bitatu ya karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili, na soda kidogo sana, kijiko cha chai kisijae. Achemshe maji, atie karanga kwanza ziive, halafu kikanda kidogo kidogo anakoroga bila kuacha mpaka inavutana inaachana na sufuria. Afunike, moto kidogo juu ya kifuniko pia. Asiikate ya moto. Alale nayo, akate asubuhi.